Kuchagua Tagi Inayoifaa Meli: Mwongozo Kamili kwa Tulio Mbali na Bahari

Swali lilinikuta kibarazani Kibosho nikichambua kahawa. Mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa mizigo mjini Moshi, alipanda mlima na ankara mkononi. Mteja wao ameleta mbolea ya kichele, yaani isiyofungwa mifukoni, kupitia Tanga, na ankara inasema tagi mbili (vyombo vidogo vyenye nguvu vya kuvuta na kusukuma meli) kuingia, tagi mbili kutoka.

"Shikamoo baba mdogo. Hivi meli si ina injini yake na usukani wake? Tagi mbili za nini?"

Nilikaa kwenye tagi miaka mingi kabla sijarudi kwenye migomba, na swali hilo nimeulizwa na watu wenye vyeo vikubwa kuliko yeye. Nikamwambia akae, chai ije. Haya hapa ndiyo niliyomweleza, nimeyapanga kwa hatua ili yamfae pia mwanafunzi anayejiandaa kwenda Chuo cha Bahari Dar es Salaam, au karani anayeandaa safari ya meli ya mteja wake akiwa Arusha.

Kwanza tuelewane: uamuzi wa mwisho wa tagi ngapi na zipi si wako wala wa mteja. Ni wa rubani wa meli (anayeiongoza kuingia na kutoka bandarini), nahodha wa meli, na haba masta (msimamizi wa mwendo wa meli bandarini). Lakini wao huamua kwa taarifa wanazopewa, na taarifa nyingi hutoka kwa wakala. Ukipeleka taarifa mbovu utaletewa tagi isiyofaa, kisha utailipia.

Pili, meli haina breki. Usukani hufanya kazi kwa kushika maji yanayopita, hasa yale yanayosukumwa na propela. Meli ya tani 50,000 ikipunguza mwendo hadi noti 2 au 3 ili ilale gatini (noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa), usukani unakuwa karibu pambo. Hapo ndipo tagi inapoanza kazi.

Hatua ya 1: Ijue meli, usiijue kwa jina tu

Omba kwa wenye meli urefu, upana, kina chake ndani ya maji ikija na ikiondoka, eneo la ubavu lililo juu ya maji, aina ya propela, na kama ina propela ndogo ya pembeni kule omo, yaani mbele ya meli. Meli nyingi za kichele hazina hiyo ya omo. Meli za makontena mara nyingi zinayo. Ikiwepo, uliza ina kilowati ngapi: yenye kilowati 1,000 hutoa takribani tani 13 za kusukuma, lakini meli ikiwa imesimama au inajikokota tu. Mwendo ukifika noti 4 au 5, nguvu hiyo huyeyuka. Nimewaona manahodha wageni wakiitegemea mapema mno, jasho likiwatoka.

Meli ya kichele yenye urefu wa mita 190, kama ile ya mbolea, ndiyo tutakayoitumia kwa hesabu.

Hatua ya 2: Upigie hesabu upepo

Hapa watu wengi hukisia, na kukisia ndiko kunakoleta hasara. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za baharini kwa kilomita kwa saa, na tuliyoizoea redioni ni ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa. Tuitumie hiyo hiyo. Gawanya 40 kwa 3.6, upate mita 11.1 kwa sekunde. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe: 123. Zidisha kwa eneo la ubavu wa meli lililo juu ya maji, kwa mita za mraba, halafu gawanya kwa 18,000. Jibu ni tani za nguvu ambazo upepo utaisukuma nazo meli ukiipiga ubavuni moja kwa moja.

Meli yetu ikiwa imejaa mbolea imezama, kwa hiyo tuseme ubavu wake juu ya maji ni mita za mraba 1,800. Upepo wa kilomita 40 utaisukuma kwa tani 12 na ushee. Ikishashusha inainuka, ubavu unafika kama 2,800, na upepo ule ule sasa unaisukuma kwa tani 19. Ndiyo maana ankara ya kutoka isikushangaze ikilingana na ya kuingia. Mteja hudhani meli tupu ni nyepesi hivyo ni rahisi. Ni kinyume chake: meli tupu ni tanga.

Sasa ichukue meli ya makontena ya mita 260, makontena yamepangwa juu hadi ubavu wote kwa wastani una kimo cha mita 20. Hizo ni mita za mraba 5,200. Kwa upepo wa kilomita 40 unapata karibu tani 36. Upepo ukipanda hadi kilomita 60, unapata tani 80. Upepo umeongezeka kwa nusu tu, nguvu imezidi mara mbili. Kumbuka hilo msimu wa kusi, upepo unapoanza mdogo asubuhi na kuchachamaa alasiri.

Kwenye jibu lako ongeza robo, kwa sababu hutaki kuuzuia upepo tu, unataka kuushinda. Kisha ukijua nguvu ya tagi, usiihesabu yote. Nguvu ya tagi hupimwa ikiwa imefungwa kwenye kigingi cha nchi kavu, imesimama, inavuta kwa uwezo wake wote. Mabaharia huiita bolad puli na huitaja kwa tani. Kazini mambo hayawi hivyo. Kamba imeinama, maji ya propela yanapiga ubavu wa meli na kuirudisha, injini imechoka. Mimi huhesabu asilimia 80.

Kwa hiyo meli ya mbolea ikiondoka tupu inahitaji tani 19, ongeza robo, ni kama 24. Tagi moja ya tani 30 ingetosha kwa karatasi. Kwa maji haitoshi, kwa sababu tagi moja hushika ncha moja. Ukisukuma omo, tezi, yaani nyuma ya meli, inazunguka. Ukisukuma katikati, meli inaenda ubavu lakini huna cha kuizuia isigeuke. Tagi mbili za tani 30, moja omo na moja tezi, zina faida kuliko moja ya tani 60. "Ndiyo hizo mbili za ankara?" aliuliza kijana. Ndiyo hizo.

Hatua ya 3: Pajue mahali

Tanga ni mfano mzuri, na sisi wa huku juu inatuhusu. Reli yake ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na kahawa nyingi ya mlima huu ilishukia kule. Lakini kwa miaka mingi meli kubwa hazikulala gatini Tanga. Zilitia nanga nje, mzigo ukahamishiwa kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya mizigo visivyo na injini, na matishari yakavutwa hadi gatini. Kwa kazi hiyo tagi ndogo ya kawaida ilitosha kabisa: tishari halina ubavu mkubwa, mwendo ni mdogo, maji ni machache. Sasa gati la mita 450 limejengwa na kina kimechimbwa hadi mita 13. Meli yenyewe inakuja gatini. Kazi imebadilika, na aina ya tagi lazima ibadilike nayo.

Maji yaliyobaki chini ya meli ni jambo ambalo watu wa nchi kavu hawalioni. Meli ikiwa imezama mita 11 kwenye maji ya mita 12, mkondo unaoipiga ubavuni hauna pa kupita chini yake. Unairundikia. Nguvu ya mkondo huo inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya kwenye maji mengi. Kama hesabu yako ya upepo imekupa jibu la kupumua, bado hujapumua mpaka umeuliza saa ya maji kujaa na kupwa.

Dar es Salaam ina lake: mlango ni mwembamba, una kona, na kivuko cha Kigamboni kinakatiza mbele ya meli. Pale huhitaji tagi yenye nguvu tu, unahitaji inayoweza kuisaidia meli kugeuka ikiwa bado kwenye mwendo. Kwenye boya la mafuta la Mjimwema, ambako meli hushushia mafuta upande wa bahari wazi, tagi hukaa nyuma ya meli ya mafuta ikiivuta polepole isiligonge boya, na mawimbi ya kusi yanaipiga kwa saa nyingi. Tagi nzuri ya ndani ya bandari inaweza kushindwa huko kwa sababu ya mawimbi tu.

Hatua ya 4: Uliza propela iko wapi na kamba imefungwa wapi

Hili ndilo ninalotaka ulibebe kuliko yote. Tani za mvuto hazikuambii tagi itakuwaje meli ikiongeza mwendo ghafla. Nafasi ya propela na nafasi ya kamba ndizo zinazokuambia.

Nenda mnadani Weruweru umwangalie mtu anayemwongoza fahali. Kamba anaishika mkononi, hajifungi kiunoni. Fahali akikurupuka kwenda pembeni, aliyejifunga kiunoni ataburuzwa ubavu ubavu na ataanguka kabla hajajua kilichomkuta.

*Tagi ya kawaida* imefungwa kamba kiunoni. Propela iko tezi, na ndoano ya kamba iko karibu na katikati. Meli ikienda kasi au ikigeuka, kamba inahama na kuwa ubavuni mwa tagi, inavuta juu huku maji yakishikilia chini, na tagi inalala. Ni suala la sekunde. Propela yake husukuma mbele au nyuma tu, haiwezi kuihamisha tezi pembeni kwa haraka ili kuokoa jahazi. Tulikuwa na kamba ya pili ya kuibana ile kubwa iwe karibu na tezi, na mabaharia wavivu waliiona ni usumbufu. Mimi mwenyewe, bandari sitaitaja, nilishawahi kuona maji yakipanda hadi kwenye mlango wa injini kwa sababu kamba hiyo haikufungwa siku hiyo. Tulipona kwa sababu rubani alisikia kelele redioni na kuisimamisha injini ya meli.

Usiidharau tagi ya kawaida kwa hayo. Ni rahisi kununua, rahisi kutengeneza, haihitaji maji mengi, na kwa kuvuta kitu safari ndefu ni nzuri. Kwa matishari ndiyo yenyewe. Kwa meli kubwa yenye mwendo wa noti 5 au zaidi, hapana.

*Tagi ya trekta* imepindua mpangilio. Mitambo ya kusukuma iko chini ya tumbo, upande wa omo, na kamba inatoka tezi. Meli ikiivuta kwa nguvu, tagi inageuka yenyewe kufuata kamba badala ya kulala. Baadhi hutumia mtambo wa Voith Schneider, wenye visu vilivyosimama wima chini ya meli kama vijiti vya kukorogea, vinavyozunguka na kubadili pembe. Ulibuniwa miaka ya 1920. Mwenye usukani anaweza kuupeleka msukumo popote kwa papo hapo, na ndiyo sifa yake kubwa. Gharama yake ni kwamba kwa injini ile ile unapata tani chache kuliko kwa propela yenye pete ya chuma kuizunguka, na mitambo iliyo chini ya tumbo inataka maji mengi. Usiipeleke penye kina kidogo.

*ASD*, kifupi cha Kiingereza cha azimuth stern drive, ndiyo utakayokutana nayo zaidi leo duniani kote. Ina propela mbili tezi, kila moja ndani ya pete yake, na kila moja inazunguka nyuzi 360, kwa hiyo hakuna usukani. Winchi, yaani mtambo wa kukunja kamba, iko omo. Tagi hii inaikabili meli uso kwa uso, inasukuma kwa omo yake na kuvuta kwa omo ile ile bila kufungua kamba. Kwa injini za nguvu ya farasi 4,000 hutarajiwa kutoa tani 50 au zaidi kidogo, wakati ya Voith kwa injini hizo ingetoa kama 40. Ukiwa na pesa ya kununua tagi moja tu ya bandari, nunua hii.

Ila nikuonye jambo moja: ASD nyingi zina ndoano nyuma pia, na mtu akiitumia kuvutia meli, hatari yote ya kufunga kamba kiunoni inarudi. Mashine mpya, ajali ya zamani.

Zipo nyingine. Ile yenye mitambo mitatu, miwili mbele na mmoja nyuma, ilianzia Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1990 na ni hodari wa kwenda ubavu kwenye nafasi finyu. Zipo pia za kawaida zilizoongezewa mtambo mmoja wa kuzunguka omo ili kurefusha maisha yao. Hizo si mbaya, mradi wote waliomo wajue zinabaki nusu kwa nusu.

Hatua ya 5: Oanisha tagi na nafasi yake kwenye meli

Meli inayokwenda mbele haigeuki kwa katikati yake. Inageukia sehemu iliyo karibu na omo, kama robo ya urefu wake. Kwa hiyo tagi ya omo, meli ikiwa na mwendo, inasukuma karibu na bawaba ya mlango: nguvu nyingi, matokeo kidogo. Tagi ya tezi inasukuma kwenye kitasa. Meli ikirudi nyuma, mambo yanapinduka.

Matokeo yake ni haya. Ukiwa na tagi mbili zisizolingana, ile bora ifungwe tezi wakati meli inaingia kwa mwendo. Trekta au ASD iliyofungwa katikati ya tezi inaweza kufanya breki na kugeuza. Mwendo ukizidi noti 6 hivi, inaweza hata kujilaza pembeni kwa makusudi, mwili wake ukalima maji kama plau, na nguvu inayokwenda kwenye kamba ikazidi bolad puli yake. Hivyo ndivyo meli za mafuta zinavyosindikizwa. Baada ya meli ya mafuta Exxon Valdez kupasuka Alaska mwaka 1989, sheria ya Marekani ililazimisha meli za mafuta pale zisindikizwe na tagi mbili. Mafuta ghafi ya Uganda yatakapopakiwa Chongoleani, jirani na mji wa Tanga, tagi za aina hiyo ndizo za kuuliza, na ziwe na mizinga ya maji ya kuzimia moto. Daraja la kwanza la mizinga hiyo hutoa mita za ujazo 2,400 kwa saa.

Omo ni kwa mwenye uzoefu. Maji hujaa mbele ya meli inayotembea na kunyonya karibu na bega lake, na tagi inayosogea kupokea kamba inaweza kuvutwa chini ya omo. Mwambie nahodha wa meli apunguze hadi noti 5 au 6 kabla ya kufunga, akinung'unika mwache anung'unike.

Hatua ya 6: Kamba na vigingi

Hatua fupi lakini imewaumbua wengi. Kamba iwe na uwezo wa angalau mara mbili ya bolad puli ya tagi. Halafu uliza vigingi vya meli, yaani vyuma vinavyofungiwa kamba, vinastahimili tani ngapi. Meli zilizojengwa kuanzia 2007 zinatakiwa ziwe na alama ya uwezo huo. Za zamani unaweza kukuta rangi tupu. Tagi ya tani 70 kwenye kigingi cha tani 40 haileti usalama, inang'oa chuma. Hapo ama uombe tagi ndogo, ama isukume badala ya kuvuta, na penye kusukuma uliza ubavu umeimarishwa wapi.

Winchi iwe na kitufe cha kuachia kamba kwa dharura, na kijaribiwe. Tarehe 19 Desemba 2007, mtoni Clyde huko Scotland, tagi Flying Phantom ilikuwa mbele ya meli ya kichele kwenye ukungu ilipopinduliwa na kamba yake. Watu watatu kati ya wanne walikufa. Kamba haikuachia kwa haraka iliyotakiwa.

Hatua ya 7: Mtu aliye kwenye usukani

Aliyezoea tagi ya kawaida kwa miaka 20 si nahodha wa ASD mpaka afundishwe upya. Mikono yake inajua usukani. Huku kuna vishikio viwili vinavyozunguka, na kosa la nusu sekunde linaipeleka tagi chini ya meli. Uliza amefanya mazoezi ya aina hiyo ya tagi, na muda gani. Ni haki yako kuuliza.

Hatua ya 8: Andika ombi

Ujumbe wako kwa bandari uwe na vipimo vyote vya hatua ya kwanza, kina cha kuingia na cha kutoka, uwezo wa vigingi, propela ya omo ipo au haipo na kama inafanya kazi, na upepo ambao ukizidi meli isubiri nje. Usiandike "tagi za kutosha." Andika tani unazohitaji kila ncha, na acha rubani akukosoe.

Kijana alinywa chai yake, akakunja ankara, akashuka mjini na daladala ya mwisho. Siku ya tano akanipigia: meli inaondoka saa kumi na moja jioni, upepo kilomita 35, mteja anataka kuokoa tagi moja. Nikamuuliza vigingi vya meli ni vya tani ngapi. Akakata simu akaulize.